Uteuzi Nasibu wa Mafaili ya Data kwa Programu ya shuf: Mfano wa Kongoo ya Matini za Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Katika sura ya mbinu za utafiti za tasnifu nyingi za isimu na fasihi, sentensi moja hujirudia: data iliteuliwa kwa njia ya nasibu. Mara nyingi sentensi hiyo haifuatiwi na maelezo yoyote. Msomaji haelezwi nasibu hiyo ilipatikanaje, nani aliyeiendesha, kwa chombo gani, wala kama mtu mwingine akipewa data ileile anaweza kupata sampuli ileile. Mtahini anayeuliza maswali hayo siku ya utetezi haulizi jambo la pembeni. Kila asilimia inayotajwa katika sura ya uwasilishaji wa data imesimama juu ya sampuli, na sampuli imesimama juu ya sentensi hiyo moja.

Makala hii inaeleza namna ya kuteua mafaili kwa nasibu kwa kutumia shuf, programu ndogo ya mstari wa amri inayopatikana bila malipo katika takribani kila mfumo wa Linux. Programu hiyo imeandikwa na Paul Eggert na ni sehemu ya mkusanyiko wa zana za msingi za GNU. Kazi yake ni moja tu: hupokea mistari ya maandishi, huichanganya kama karata, kisha huitoa yote au sehemu yake. Ufafanuzi umejengwa juu ya mfano wa kongoo ya matini zilizonakiliwa kutokana na mahojiano na wavuvi, wachuuzi wa samaki na mafundi wa mitumbwi katika maeneo 12 ya mwambao wa Ziwa Victoria na visiwa vyake: Bukindo, Busisi, Bwisya, Igombe, Kayenze, Kirumba, Kome, Maisome, Nansio, Nyakaliro, Shirati na Sota. Maeneo hayo ni ya kweli. Idadi za mafaili zitakazotajwa ni za mfano, na zimewekwa ili hesabu ziweze kufuatwa. Ichukuliwe kwamba kongoo nzima ina mafaili 2,400, na kwamba muda wa mtafiti unaruhusu kusoma na kuwekea alama mafaili 60 tu.

Alfabeti si mpangilio usio na upande

Mtafiti anapofungua kabrasha la data katika kompyuta, mafaili hujipanga yenyewe kialfabeti. Mpangilio huo huonekana kama kitu cha asili, kisicho na uhusiano wowote na maudhui ya mafaili. Kwa lugha za Kibantu dhana hiyo haina msingi. Katika lugha hizi neno huanza na kiambishi, na kiambishi hubeba maana ya kisarufi. Kupanga maneno kwa herufi ya kwanza ni kuyapanga, kwa kiasi kikubwa, kwa ngeli. Majina ya mahali nayo yana tabia hiyohiyo. Kusini na mashariki mwa jiji la Mwanza, katika maeneo ya Wasukuma, majina yanayoanza na Mwa- ni mengi: Mwabuki, Mwamashimba, Mwamanyili. Kisiwani Ukerewe hukutwa Namagondo, Nakatunguru na Namilembe. Upande wa Sengerema na Buchosa, Bu- na Nya- hujitokeza mara kwa mara. Kwa hiyo faili lililopewa jina la mahali limekwisha kubeba, katika herufi zake mbili au tatu za kwanza, habari kuhusu lugha ya eneo hilo. Anayekata orodha katikati kwa alfabeti amekata pia ramani ya lugha.

Hali ni hiyohiyo pale ambapo kila faili ni la kidahizo kimoja cha kamusi. Mtafiti anayechukua mafaili ya herufi A, B na D peke yake atakutana na adabu, akili, amri, asali, bahari, baraka, bei, dakika, dawa na dunia. Nomino za m-/wa- na ki-/vi- hatazikuta kabisa. Akihesabu maneno ya asili ya Kiarabu katika sampuli hiyo na kutangaza asilimia aliyopata kuwa ndiyo hali ya leksika ya Kiswahili, atakuwa ametangaza tabia ya herufi tatu.

Kwa kongoo ya mfano, hatari ina sura bayana zaidi. Samaki mdogo anayeitwa dagaa kwa Watanzania walio wengi huitwa omena upande wa Kenya na mukene upande wa Uganda. Omena ni neno la Kijaluo, na Kijaluo hakiishii mpakani: wilaya ya Rorya, katika mkoa wa Mara, ina wazungumzaji wake wengi, na ndiko ziliko Shirati na Sota. Tasnifu inayouliza kama neno omena limeingia katika Kiswahili cha wavuvi wa upande wa Tanzania itapata jibu, kama jibu lipo, katika maeneo hayo mawili kabla ya mahali pengine popote. Kialfabeti, Shirati na Sota ndiyo ya mwisho katika orodha. Mtafiti aliyesoma kuanzia juu na kuishia pale muda ulipomwishia hatayafikia. Ataandika kwamba neno halitumiki, na ataandika kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa katika mafaili aliyoyasoma halimo.

Kuna wanaokwepa alfabeti kwa kuteua kwa jicho: hushuka na kupanda katika orodha, wakibofya hapa na pale. Njia hiyo ina upendeleo wake, na ubaya wake mkubwa ni kwamba upendeleo huo hauwezi kupimwa. Jicho huvutwa na jina linalofahamika, na faili dogo linalosomeka haraka, na mahojiano ambayo mtafiti anayakumbuka kwa sababu yalikuwa ya kuvutia. Mahojiano ya kuvutia si ya kawaida. Ndiyo maana yakavutia.

Wengine huchukua kila faili la kumi, la ishirini au la thelathini. Njia hiyo, inayojulikana kama uteuzi wa kimfumo, ni halali na mara nyingi inafaa, ila inadai kwamba orodha isiwe na mzunguko unaolingana na hatua ya uteuzi. Ziwani mzunguko huo upo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapong'aa, nguvu ya taa ya kuwavuta dagaa hupungua na wavuvi wengi hupumzika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi. Mtafiti aliyerekodi faili moja kila siku, akalipa tarehe kama jina, kisha akachukua kila faili la 30, atakuwa akirudi karibu katika awamu ileile ya mwezi kila mara. Katika uteuzi wa faili 12 atakuwa amesogea siku sita tu. Anaweza kujikuta na mahojiano ya siku za mbalamwezi pekee, wavuvi wakiwa nchi kavu wakishona nyavu, na msamiati wa kazi ya usiku ukakosekana katika tasnifu nzima.

Nasibu yenye historia Mwanza

Katika jiji la Mwanza na mkoa wake, wazo la kuiachia kura kazi ya kuamua si geni katika utafiti. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika mkoani humo utafiti wa kitabibu uliohusisha jamii 12 za vijijini zilizopangwa kwa jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja ilipangiwa kwa nasibu kupata huduma iliyoboreshwa ya kutibu magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya, na nyingine ikasubiri kuwa ya ulinganisho. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii zilizopata huduma yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40.

Kinachohusu makala hii ni kilichofuata. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hilohilo, uliotumia tiba ya pamoja kwa jamii nzima, haukuona upungufu wa namna hiyo. Mjadala uliozuka baina ya wataalamu ulihusu mambo ya msingi: hatua ambayo janga lilikuwa limefikia katika kila eneo, na tofauti ya aina ya tiba. Haukulazimika kukwama katika shaka kwamba watafiti wa Mwanza walijichagulia vijiji vilivyokuwa tayari na nafuu, kwa kuwa kura ilikuwa imeifunga njia hiyo. Uteuzi nasibu hauhakikishi kwamba matokeo ni sahihi. Huondoa aina moja ya shaka, ili nguvu ya wasomaji ielekezwe kwenye maswali yanayostahili kuulizwa. Tasnifu ya isimu yenye mafaili 60 haina uzito wa jaribio la kitabibu, lakini shaka inayoikabili ni ya jinsi ileile.

Amri tatu

Hatua ya kwanza ni kupata orodha ya mafaili yote. Ikiwa yamo katika kabrasha liitwalo kongoo, lenye makabrasha madogo 12 ya maeneo, orodha hupatikana hivi:

find kongoo -type f -name '*.txt' | LC_ALL=C sort > orodha.txt

Programu ya find hupekua kabrasha lote na kutaja kila faili la maandishi. Mpangilio ambao find hutaja mafaili hutegemea namna diski ilivyoyahifadhi, na hubadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ndiyo sababu ya kuongeza sort. Maneno LC_ALL=C yaliyotangulia huzuia mipangilio ya lugha ya kompyuta isibadilishe mfuatano wa herufi; bila hayo, kompyuta mbili zinaweza kupanga herufi kubwa na ndogo kwa namna tofauti. Kupanga kialfabeti katika hatua hii hakurudishi kasoro iliyoelezwa hapo juu, kwa kuwa hakuna kinachokatwa bado. Lengo ni kwamba kila anayeanza aanze na orodha ileile.

Hatua ya pili ni kuhesabu:

wc -l orodha.txt

Jibu liwe 2400. Likiwa 2398 au 2411, uteuzi usubiri. Huenda kuna mafaili yaliyohifadhiwa kwa kiambishi tamati kingine, au nakala rudufu zilizobaki kutokana na uhamishaji wa data. Hatua hii ni ya sekunde moja na hurukwa mara nyingi kuliko zote, ilhali jumla inayotajwa katika tasnifu ndiyo kitako cha kila asilimia itakayofuata.

Hatua ya tatu ndiyo uteuzi wenyewe:

shuf -n 60 orodha.txt > sampuli.txt

Faili la sampuli.txt sasa lina majina 60. Kila faili katika kongoo lilikuwa na nafasi sawa ya kuingia, nafasi ya 60 kwa 2,400, yaani asilimia 2.5, na hakuna jina lililotokea mara mbili. Chaguo la -r, linaloruhusu jina lirudiwe, lina matumizi yake katika takwimu lakini halifai hapa.

Inashauriwa kuhifadhi orodha ya majina badala ya kunakili mafaili 60 kwenye kabrasha jipya. Katika makabrasha 12 hakosekani faili liitwalo mahojiano01.txt zaidi ya mara moja, na nakala zikikutana katika kabrasha moja majina yatagongana. Orodha yenye njia kamili ya kila faili haina tatizo hilo.

Kwa nini shuf na si kitu kingine? Njia zinazofanana nayo zina mitego. Programu ya sort ina chaguo la -R, linaloonekana kufanya kazi ileile, lakini huiweka pamoja mistari inayofanana, kwa kuwa hupanga kwa thamani inayokokotolewa kutokana na maandishi ya mstari. Wapo pia wanaotumia namba nasibu ya Bash, iitwayo RANDOM, na kugawa ili kupata baki. Namba hiyo huwa kati ya 0 na 32,767, yaani thamani 32,768. Orodha ikiwa na mafaili 1,000, mgawanyo haukamiliki: mafaili 768 ya kwanza hupata nafasi 33 kila moja na 232 ya mwisho hupata 32. Tofauti ni ndogo, ila ipo, na inaangukia mwisho wa orodha, kule kwa Shirati na Sota. Orodha ikizidi mistari 32,768, iliyozidi haitateuliwa kamwe. Kwa kongoo ya sentensi, ambako kila mstari ni sentensi moja, kiwango hicho huvukwa haraka: Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki katika toleo lake la pili ina maneno yapatayo milioni 25.

Programu ya shuf huchanganya kwa mbinu inayotokana na kazi ya Ronald Fisher na Frank Yates ya 1938, iliyowekwa katika umbo la kompyuta na Richard Durstenfeld mwaka 1964. Kiini chake ni rahisi. Chukua nafasi ya kwanza, iteulie mmoja kati ya wote, chukua ya pili, iteulie mmoja kati ya waliobaki, endelea hivyo. Iwapo mistari inaingia kwa mfereji kutoka programu nyingine, na idadi yake haijulikani mapema, shuf hutumia mbinu nyingine. Hushika mistari 60 ya kwanza, kisha kila mstari mpya unapofika huupigia kura kama uingie na kumtoa mmoja wa walioshikwa. Nafasi ya kila mstari hubaki sawa, ijapokuwa njia ni tofauti, na tofauti hiyo ina athari itakayoonekana punde.

Mbegu, na nani anayeitoa

Amri iliyotolewa hapo juu ikirudiwa, itatoa majina 60 mengine. Kwa mchezo wa bahati nasibu hiyo ni sifa njema. Kwa tasnifu ni upungufu, kwa sababu mtahini hawezi kuthibitisha lolote: mtafiti anasema aliteua kwa nasibu, na ushahidi pekee ni kauli yake.

Dawa ni kuipa shuf chanzo cha nasibu kinachoweza kurudiwa, yaani chanzo kinachochipuka kutokana na namba moja inayojulikana, ambayo huitwa mbegu. Mwongozo wa zana hizo unapendekeza kutumia programu ya usimbaji, openssl, kuzalisha mfululizo mrefu wa baiti kutokana na mbegu. Katika Bash huandikwa hivi:

mbegu() { openssl enc -aes-256-ctr -md sha256 -pass pass:"$1" -nosalt </dev/zero 2>/dev/null; }

shuf -n 60 --random-source=<(mbegu 4817) orodha.txt > sampuli.txt

Yeyote mwenye orodha.txt ileile, akiandika mbegu ya 4817, atapata majina 60 yaleyale kwa mfuatano uleule. Maneno -md sha256 yameongezwa kwa makusudi: matoleo ya openssl yaliyotangulia 1.1.0 yalitumia njia nyingine ya kugeuza mbegu kuwa ufunguo, na bila kuitaja njia hiyo kompyuta ya zamani na mpya zingetoa sampuli mbili tofauti. Tahadhari nyingine ni kwamba amri inayosoma orodha kutoka kwenye faili na ile inayoipokea kwa mfereji zinaweza kutoa sampuli tofauti hata kwa mbegu moja, kwa sababu ya mbinu mbili zilizoelezwa. Kwa hiyo kinachowekwa katika kiambatisho kiwe amri yenyewe kama ilivyoandikwa, pamoja na matoleo ya programu. Maelezo ya maneno hayatoshi.

Mbegu hata hivyo hufungua mlango mwingine, na hapa chombo kinafikia kikomo chake. Mtafiti asiye mwaminifu, au aliyechoka tu, anaweza kujaribu mbegu ya 1, akaiona sampuli haimpendezi, akajaribu ya 2, ya 3, hadi ya 40, kisha akaripoti ya 40 kana kwamba ilikuwa ya kwanza. Kila kitu kitarudiwa sawasawa mbele ya mtahini. Amri ni sahihi, orodha ni sahihi, mbegu ni sahihi, na sampuli si ya nasibu. Hakuna hesabu itakayoufichua udanganyifu huo kutokana na sampuli moja.

Kinachoweza kuuzuia ni utaratibu wa kibinadamu. Mtafiti aifunge orodha kwanza, aikokotolee alama ya utambulisho kwa amri ya sha256sum orodha.txt, na aipeleke alama hiyo kwa msimamizi kwa barua pepe. Msimamizi ndiye ajibu kwa namba, yoyote apendayo, na namba hiyo ndiyo iwe mbegu. Kwa mpangilio huo mtafiti hawezi kuibadilisha orodha baada ya kuijua mbegu, kwa kuwa alama haitalingana, na hawezi kuijua mbegu kabla ya kuifunga orodha. Barua pepe mbili zenye tarehe zinatosha kuwa ushahidi. Ni ajabu kiasi kwamba vyuo hudai barua za vibali kutoka mkoa hadi kijiji kabla ya mtafiti kwenda kuongea na wavuvi, na havidai hata mstari mmoja kuhusu namna mahojiano yatakayoingia katika uchambuzi yatakavyoteuliwa.

Pale nasibu tupu isipotosha

Rejea sasa kwenye neno omena. Ichukuliwe kwamba Shirati ina mafaili 40 kati ya 2,400, na Igombe ina 400. Sampuli nasibu ya mafaili 60 inatarajiwa kuwa na faili moja la Shirati. Kutarajiwa si kuhakikishiwa. Uwezekano kwamba hakuna hata faili moja la Shirati litakaloingia ni takribani asilimia 36, zaidi ya mara moja katika kila tatu. Mtafiti aliyefuata kila hatua iliyoelezwa, aliyepewa mbegu na msimamizi wake na kuhifadhi kila amri, anaweza bado kuikosa kabisa sehemu ambayo swali lake linaihitaji zaidi. Hapo hana kosa la kiutaratibu, ila hana data pia.

Penye maeneo madogo yenye umuhimu mkubwa, uteuzi ufanyike kwa matabaka: kila eneo liteuliwe peke yake. Mafaili matano kwa kila eneo kati ya 12 yanatoa 60 yaleyale.

for eneo in kongoo/*/; do
  find "$eneo" -type f -name '*.txt' | LC_ALL=C sort > muda.txt
  shuf -n 5 --random-source=<(mbegu "4817-$eneo") muda.txt
done > sampuli.txt

Mbegu katika amri hii imeunganishwa na jina la eneo. Sababu yake ni kwamba mbegu ileile huzalisha mfululizo uleule wa baiti kila inapoitwa upya. Iwapo Kome na Maisome zina mafaili 180 kila moja, mbegu tupu ya 4817 ingeteua nafasi zilezile katika maeneo yote mawili. Faili la 23 likiteuliwa Kome, la 23 lingeteuliwa Maisome pia. Kama mafaili yalipewa namba kwa mfuatano wa siku, au kama namba za mwanzo ni za wazee na za mwisho ni za vijana, maeneo mawili yangekuwa yakiigana bila mtafiti kujua.

Matabaka yana gharama yake, na gharama hiyo husahaulika katika tasnifu nyingi. Faili la Shirati lilikuwa na nafasi ya 5 kwa 40, na la Igombe 5 kwa 400. Hazilingani. Faili moja lililoteuliwa Shirati linawakilisha mafaili manane, na moja la Igombe linawakilisha 80. Chukulia kwamba omena limo katika mafaili yote matano ya Shirati na halimo katika lolote la Igombe. Kwa kuhesabu vichwa tu, neno limeonekana katika mafaili 5 kati ya 10, asilimia 50. Kwa kuzingatia uzito, ni 40 kati ya 440, yaani asilimia 9 hivi. Namba zote mbili zimetokana na sampuli moja. Ya kwanza haisemi lolote kuhusu maeneo hayo mawili kwa pamoja, nayo ndiyo inayovutia zaidi kuwekwa katika jedwali. Kwa swali la ulinganishi, kama Shirati inatofautiana na Igombe, uzito hauhitajiki, kwa kuwa kila eneo linaripotiwa peke yake: matano kati ya matano, na sifuri kati ya matano.

Suala la kizio cha uteuzi linaweza kupitwa kwa ufupi. Programu ya shuf huteua mistari, na mstari ukiwa ni jina la faili, faili la kurasa mbili na la kurasa thelathini huwa na nafasi sawa. Anayedai kusema ni mafaili mangapi yana neno fulani yuko salama. Anayedai kusema neno hutokea mara ngapi katika kila maneno elfu inampasa ahesabu maneno yote ya sampuli, au ateue sentensi badala ya mafaili.

Faili lililoteuliwa lisilosomeka

Kazini hutokea kwamba faili lililoteuliwa halifai. Unukuzi uliishia katikati, au upepo wa ziwani ulifunika sauti na mnukuzi akaandika nukta tupu, au mhojiwa aliondoa ridhaa yake baadaye. Kishawishi ni kufungua kabrasha na kuchukua faili la jirani. Faili la jirani limeteuliwa kwa mkono, hivyo kasoro zote za uteuzi wa jicho zinarudi kupitia mlango wa nyuma.

Njia iliyo safi ni kuteua akiba tangu mwanzo. Badala ya 60, amri iombe 70 kwa mkupuo mmoja. Majina 60 ya kwanza ndiyo sampuli, na 10 yaliyobaki ni akiba inayotumika kwa mfuatano wake: la 61 kwanza, kisha la 62, bila kuruka. Uteuzi wa 60 ukifuatiwa na uteuzi mwingine wa 10 hauleti kitu kilekile, kwa kuwa amri ya pili haijui ya kwanza ilichukua nini na inaweza kuyarudia majina. Kwa uteuzi wa matabaka, akiba iwe ya kila eneo, ili faili la Sota lililoharibika libadilishwe na la Sota. Kila badiliko liandikwe katika kiambatisho pamoja na sababu yake na jina la faili lililoachwa. Mafaili yaliyoachwa yakiwa mengi kutoka eneo moja, idadi hiyo iripotiwe katika sura ya matokeo, kwa kuwa mwalo ambao mahojiano yake hayasikiki kwa kelele za injini na umati huenda ndio wenye shughuli nyingi kuliko yote, na lugha yake ndiyo iliyokosekana.